Otto Lehmann na ugomvi wa fuwele zinazotiririka

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta hapa maisha ya washairi, ya wanaisimu na ya wamisionari walioandika kamusi za kwanza. Safari hii naomba niwaletee mwanafizikia, Mjerumani aliyekaa na hadubini mezani karibu maisha yake yote na ambaye amekwisha kufa zaidi ya miaka mia moja. Nina sababu mbili za kumleta kwenye kitivo cha lugha. Ya kwanza ni kwamba ugomvi mkubwa wa maisha yake ulikuwa juu ya jina. Aliunganisha maneno mawili ambayo wenzake waliona hayawezi kulala nyumba moja, kisha akatumia zaidi ya miaka thelathini kuyatetea. Ya pili ni ya nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Masisi, na ukoo wa mama yangu uko Walikale. Kitu ambacho Mjerumani huyo alikipa jina kimekuja kufungiwa, karibu karne moja baadaye, kati ya vioo viwili vilivyopakwa utando wenye bati ndani yake, na bati ni mali inayotoka kwetu.

Jina lake ni Otto Lehmann. Alizaliwa tarehe 13 Januari 1855 katika mji wa Konstanz, kusini mwa Ujerumani, kando ya ziwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati, na nje ya darasa alipenda hadubini. Mtoto alirithi vyote viwili: kazi ya ualimu na tamaa ya kutazama vitu ambavyo macho matupu hayavioni. Alisomea Chuo Kikuu cha Strasbourg, mji ambao Ujerumani ilikuwa imeuchukua kutoka Ufaransa baada ya vita vya 1870 na 1871. Mwalimu wake huko alikuwa Paul Groth, mtaalamu wa fuwele aliyeheshimika sana. Mwaka 1876 Lehmann alipata udaktari, akiwa na umri wa miaka ishirini na moja.

Hakupata kiti cha chuo kikuu mara moja. Alienda kufundisha shule ya sekondari huko Mülhausen, leo Mulhouse ya Ufaransa, akabaki huko hadi 1883. Waandishi wengi wa maisha yake huipita miaka hiyo saba kwa sentensi moja. Mimi ningependa kukaa nayo kidogo, kwa sababu wengi wetu hapa kitivoni tutaishia kushika chaki mahali fulani mbali na maktaba. Mwalimu Lehmann alifundisha mchana, na muda uliobaki aliutumia kuboresha chombo alichokuwa ameanza kukitengeneza tangu ujana.

Chombo chenyewe si kigumu kukieleza. Ilikuwa hadubini ambayo chini ya meza yake ndogo ya kioo uliwekwa moto wa gesi. Mtu aliweza kuweka punje ya dawa au chumvi juu ya kioo, akaipasha moto polepole, akaitazama inavyoyeyuka. Kisha akapunguza moto, akaitazama inavyoganda tena. Kabla ya hapo watafiti wengi walitazama fuwele zikiwa zimekwisha kuwa fuwele, kama mtu anayeijua nyumba baada ya kuezekwa. Lehmann alitaka kuona ukuta unavyopanda. Na kuna sehemu nyingine ya chombo ambayo bila hiyo hadithi hii isingekuwapo, nayo ni vichujio viwili vya mwanga, kimoja chini ya kitu kinachotazamwa na kingine juu yake.

Naomba msomaji wa fasihi anivumilie hapa. Mwanga husafiri kwa kutikisika, na kwa kawaida hutikisika pande zote. Chukua kamba, ipitishe katikati ya ua wa mianzi iliyosimama, itikise: mtikisiko wa juu na chini utapita, wa kulia na kushoto utazuiwa na mianzi. Ukiweka ua wa pili ambao mianzi yake imelazwa, hakuna mtikisiko utakaopita. Vivyo hivyo vichujio viwili vikigeuziana, jicho linaona giza tupu. Ukiweka maji katikati, giza linabaki. Mafuta, pombe, giza linabaki, kwa sababu molekuli za kimiminika zimelala ovyo, kila moja na upande wake. Lakini ukiweka fuwele nyingi, mwanga unapenya, mara nyingi kwa rangi za kupendeza. Fuwele ina mpangilio ndani, na mpangilio huo huugeuza mtikisiko wa mwanga hadi ukapata njia ya kupita ua wa pili. Kwa watu wa wakati ule huo ulikuwa mtihani usio na rufaa: kinachong'aa ni fuwele, nayo fuwele ni kitu kigumu.

Mwaka 1883 Lehmann alipata kazi katika chuo cha ufundi cha Aachen. Alikuwa amekwisha kujulikana kama mtu wa hadubini ya moto, na alikuwa akiandaa kitabu kikubwa cha fizikia ya molekuli, ambacho kingetoka kwa mabuku mawili mwaka 1888 na 1889. Ndipo ikamfikia barua kutoka Prague. Iliandikwa tarehe 14 Machi 1888, ilikuwa na kurasa kumi na sita, na mwandishi wake hakuwa mwanafizikia. Alikuwa Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea.

Reinitzer alikuwa akichunguza kolesteroli aliyoitoa kwenye karoti. Katika kuichanganya na asidi mbalimbali alipata kitu cheupe, benzoati ya kolesteroli, chenye tabia ya ajabu. Kila kitu safi, walivyofundishwa wanakemia wote, kina kiwango kimoja cha kuyeyuka. Hiki kilikuwa na viwili. Kwenye nyuzi 145.5 kiliyeyuka kikawa kimiminika chenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Kikabaki hivyo hadi nyuzi 178.5, ambapo ukungu ulitoweka ghafla kikawa angavu. Kilipopozwa, rangi za zambarau na buluu zilikipitia kabla ya ukungu kurudi, na zikatokea tena kabla hakijaganda. Reinitzer alikuwa mwangalifu. Alirudia, akasafisha, akarudia tena, kisha akaona kwamba jambo hili linamhitaji mtu mwenye chombo asichokuwa nacho yeye. Alituma barua pamoja na sampuli.

Lehmann aliweka unga ule juu ya kioo, akawasha gesi, akageuza vichujio. Kimiminika chenye ukungu kiling'aa. Kilikuwa kinatiririka kama mafuta, ukikigusa kinasogea, na wakati huo huo kinapita mtihani wa fuwele. Wawili hao waliandikiana mfululizo kwa wiki kadhaa, na mwezi Mei mwaka huo huo Reinitzer alieleza matokeo yake mbele ya wanakemia wa Vienna, akimtaja Lehmann kwa heshima. Kisha mtu wa mimea akarudi kwenye mimea yake, na Lehmann akabaki na swali.

Mwanzoni hakujua akiite nini. Mwaka 1889 alichapisha makala katika jarida la Kijerumani la kemia ya kifizikia, na kichwa chake kilisema Über fliessende Krystalle, yaani kuhusu fuwele zinazotiririka. Sikilizeni kitenzi. Hajasema bado kwamba fuwele ni kimiminika, amesema tu kwamba zinafanya kitendo cha kutiririka, jinsi udongo unavyoweza kuporomoka mlimani bila kuacha kuwa udongo. Hakukaa hapo. Baada ya kukutana na vitu vingine vya aina hiyo alianza kuvitenga: vingine vya kutiririka, vingine vya kuteleza kama ute, vingine vya kufanya matone kama maji. Jina lililoshinda katika maandishi yake ni flüssige Krystalle, fuwele za kimiminika, na ndilo alilolipa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1904. Kutoka kitenzi hadi kivumishi alivuka mto mzima. Fuwele inayotiririka inaweza kuwa fuwele laini tu, lakini fuwele ya kimiminika inadai kwamba ukuta kati ya hali mbili za maada umebomoka. (Kwa wapenzi wa tahajia: mwaka 1911 alipotoa kitabu kingine, ile y ya Krystalle ilikuwa imegeuka i, baada ya mageuzi ya maandishi ya Kijerumani kumfikia.)

Sisi tulikutana na jina hilo darasani, katika zoezi la kuunda istilahi, tukiwa tumepewa umbo la Kifaransa, cristal liquide. Kundi moja lilitaka fuwele maji, likapingwa kwa sababu hakuna maji ndani yake. Lingine lilitaka fuwele kimiminika. Mwenzetu mmoja kutoka Walikale alishikilia fuwele telezi, akitoa mfano wa sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, ule ute unaobaki chini ya kopo. Hakujua kwamba alikuwa amegusa ukweli wenyewe, maana ute wa sabuni ni fuwele ya kimiminika hasa, na Lehmann alizichunguza sabuni za aina hiyo kwa miaka. Nilipokwenda kusoma habari za mtu huyu nilikuta kwamba mabishano yetu ya saa mbili yeye aliyafanya peke yake, kwenye karatasi, kati ya 1889 na 1904. Ndiyo maana siamini wanaosema kwamba istilahi hubandikwa kitu kikishajulikana. Hapa jina lilitangulia, na lilikuwa dai linalotafuta ushahidi.

Mwaka 1889 ulimletea pia cheo. Baada ya muda mfupi Dresden, aliitwa Karlsruhe kushika kiti cha Heinrich Hertz, yule aliyezithibitisha mawimbi ya redio katika maabara hiyo hiyo na aliyekuwa akihamia Bonn. Kurithi kiti cha Hertz si jambo dogo, na Lehmann alibaki Karlsruhe hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka uliofuata alipata msaada kutoka Heidelberg: Ludwig Gattermann alitengeneza vitu vipya vyenye tabia ile ile, rahisi kuliko kile cha karoti na visivyo na uhusiano wowote na kolesteroli. Lehmann hakuwa tena na ajabu moja ya mtu mmoja.

Lakini wapinzani walikuja, na mkubwa wao alikuwa Gustav Tammann, mwanakemia aliyehamia Göttingen mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hoja yake ilikuwa na nguvu ya akili ya kawaida. Maziwa yana ukungu kwa sababu ni matone ya mafuta ndani ya maji. Basi kimiminika cha Lehmann chenye ukungu nacho ni mchanganyiko, vitu viwili vilivyoshindwa kuungana, na kiwango cha pili cha kuyeyuka ni pale vinapoungana. Hakuna fuwele, kuna uchafu. Kwa miaka kadhaa wawili hao walijibizana katika majarida. Wengine walijaribu kuuchuja huo uchafu unaodaiwa, wakashindwa kuupata. Tammann hakusadiki.

Mimi namwelewa Tammann kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akilinda maana ya neno. Ikiwa fuwele inaweza kutiririka, neno fuwele linabaki na kazi gani? Jibu halikutoka kwa Lehmann, ambaye hakupenda sana nadharia ya molekuli aliyoletewa na wengine. Lilitoka Halle, kwa Daniel Vorländer na wanafunzi wake, waliotengeneza vitu vya aina hiyo kwa mamia hadi wakaona kanuni: molekuli zinazofanya hivi ni ndefu na nyembamba, kama vijiti. Fikirini magogo yaliyoachiliwa kwenye mto Lowa. Yanakwenda na maji, hakuna gogo lenye mahali pake pa kudumu, lakini mkondo umeyalaza yote upande mmoja. Yana mpangilio wa mwelekeo bila kuwa na mpangilio wa mahali. Mpangilio wa mwelekeo unatosha kuugeuza mwanga, na kukosa mahali pa kudumu kunatosha kutiririka. Maneno mawili yaliyokataana yakakaa pamoja, kila moja likiwa na kazi yake.

Kuna sehemu ya maisha haya ambayo haimpambi. Kadiri fuwele zake zilivyopata sifa, jina la Reinitzer lilififia katika masimulizi ya Lehmann. Alipenda kukumbusha kwamba kabla ya barua ya Prague alikuwa ameshaona iodidi ya fedha ikifanya mambo ya kutiririka ilipopashwa moto. Mwaka 1908 Reinitzer, aliyekuwa profesa huko Graz na mtu wa kimya, aliandika makala katika jarida la wanafizikia kuweka historia sawa: kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza, na yeye ndiye aliyeandika barua. Nikiwapima naona kwamba Reinitzer aliona kitu, Lehmann akaona kwamba kitu hicho ni aina mpya ya vitu. Hizo ni kazi mbili, na ya pili haikumpa haki ya kuisahau ya kwanza.

Sehemu nyingine inashangaza zaidi. Kuanzia mwaka 1906 hivi Lehmann aliandika juu ya fuwele alizoziita zenye sura ya uhai. Chini ya hadubini matone yake yalikua, yalimeza mengine, yaligawanyika mawili, yalirefuka kama minyoo na kujikunja. Alianza kuzungumzia nadharia za uhai. Mzee Ernst Haeckel, mwanabiolojia mwenye jina kubwa na mdomo mkubwa pia, alizidaka habari hizo kwa furaha, na mwaka 1917 akatoa kitabu kizima kuhusu roho za fuwele. Wanafizikia waliona haya, na nadhani jambo hilo lilimharibia Lehmann kuliko Tammann alivyofanya.

Hata hivyo hakuwa amepotea njia moja kwa moja. Tangu 1854 Rudolf Virchow, daktari wa Berlin, alikuwa ameeleza kwamba kitu cha mafuta kinachofunika mishipa ya fahamu, kikiwekwa kwenye maji, hutoa maumbo marefu yanayojikunja yenyewe. Leo tunajua ni kwa nini. Utando wa kila seli ya mwili ni tabaka mbili za molekuli ndefu za mafuta, zimesimama zimepangana kama mianzi ya ua, na wakati huo huo zinateleza kando kando kama kimiminika. Utando wa seli ni fuwele ya kimiminika. Lehmann aliposema fuwele zake zinafanana na vitu hai alikuwa ameshika mkia wa jambo la kweli, akalivuta kwa upande usiofaa.

Miaka ile ile, mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan huko New York alimwona nzi dume wa matunda mwenye macho meupe kati ya wenzake wenye macho mekundu, na kwa nzi huyo akaanza kuonyesha kwamba urithi umebebwa kwenye kromosomu. Ni wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sokoni kwetu. Karibu robo tatu ya jeni zinazojulikana kuhusika na magonjwa ya binadamu zina ndugu zao ndani ya nzi huyo, ndiyo sababu maabara humtumia kama mfano wa mgonjwa. Mwaka 2000 Mel Feany na Welcome Bender walipandikiza kwa nzi jeni ya binadamu inayohusiana na ugonjwa wa Parkinson. Nzi walipozeeka, seli fulani za ubongo wao zilikufa na uwezo wao wa kupanda ukuta wa chupa ukapungua. Protini ya jeni hiyo ni ya aina inayopenda kujibandika kwenye utando wa seli, yaani kwenye mafuta yaliyopangika yanayoteleza. Mstari wa Morgan na mstari wa Lehmann umekutana mahali ambapo hakuna kati yao aliyekuwa akitazama.

Vita vya 1914 vilipunguza safari na barua. Lehmann alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel zaidi ya mara moja, hakupewa. Alifariki Karlsruhe tarehe 17 Juni 1922, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mwaka huo huo Mfaransa Georges Friedel alichapisha makala ndefu iliyopanga uwanja wote upya. Alizigawa hali hizo kwa majina ya Kigiriki yanayotumika hadi leo: nematiki, kutoka neno la uzi, kwa sababu chini ya hadubini zinaonekana nyuzi, smektiki, kutoka neno la sabuni, na kolesteriki kwa heshima ya kolesteroli ya Reinitzer. Lile jina la Lehmann alilikataa kabisa. Kwa Friedel vitu hivyo havikuwa fuwele wala vimiminika, bali hali ya katikati yenye haki ya jina lake.

Kisha uwanja ukalala usingizi. Kwa miongo kadhaa watu wachache tu walijishughulisha na vitu hivyo, na mtu angeweza kumaliza shahada ya fizikia bila kuvisikia. Usingizi ulikatika Marekani mwaka 1968, pale kampuni ya RCA ilipoonyesha hadharani vioo vya maandishi vilivyobuniwa na kikundi cha George Heilmeier. Mwishoni mwa 1970, huko Basel, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walipata mpangilio bora: vijiti vya molekuli vinasokotwa kama ngazi ya mviringo kati ya vioo viwili, mwanga unafuata msokoto na kupenya kichujio cha pili, ukitia umeme kidogo, vijiti vinasimama wima, msokoto unavunjika, mahali hapo panakuwa giza. Ni mtihani ule ule wa Lehmann, wa vichujio viwili vilivyogeuziana, uliogeuzwa kuwa maandishi.

Umeme huo lazima upite juu ya kioo bila kuzuia mwanga. Chuma hakifai, nacho kioo kitupu hakipitishi umeme. Kinachotumika ni utando mwembamba sana wa oksidi ya indiamu iliyochanganywa na oksidi ya bati, ambayo kwa kawaida ni kama sehemu moja kati ya kumi kwa uzito. Kasiteriti ya Walikale, yale mawe meusi mazito, ni oksidi ya bati tayari. Inachimbwa ikiwa oksidi, inayeyushwa mbali huko kuwa metali, na ile sehemu ndogo inayokwenda kwenye vioo inarudishwa tena kuwa oksidi. Nasema sehemu ndogo makusudi, kwa sababu karibu nusu ya bati duniani huishia katika kulehemu vifaa vya umeme. Simu ile ile inaweza kuwa na tantalamu pia, inayotokana na koltani, na koltani ndiyo iliyoifanya Rubaya, kule kwetu Masisi, kutajwa katika habari za dunia.

Bisie ilianza kuchimbwa kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mjomba wangu mmoja alikuwa kati ya waliobeba. Gunia la kilo hamsini mgongoni, siku mbili za msitu hadi Njingala, kisha gari hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuupeleka mzigo Goma. Mwezi Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ikaufungua tena Machi 2011. Mwaka 2019 mgodi wa mashine wa kampuni ya Alphamin ulianza uzalishaji kamili. Machi 2025 mgodi huo ulisimama kwa muda, wapiganaji walipoingia Walikale, na Aprili ukaanza tena. Neno kasiteriti lenyewe, ambalo kila mtoto wa Walikale analijua, limepitia Kifaransa kutoka jina la Kigiriki la bati, kassiteros. Friedel angelipenda. Mjomba alipoulizwa na watoto mawe hayo yanakwenda kufanya nini, alitaja sufuria, na hakuna aliyekuwa na jibu jingine.

Majina ya Friedel yameshinda ndani ya maabara, na hakuna mtafiti leo anayeandika bila nematiki na smektiki. Nje ya maabara alishindwa. Simu za bei kubwa sasa zinatumia vioo vya namna nyingine, lakini zile za bei nafuu, na kompyuta nyingi, bado zina magogo ya Lehmann ndani yake. Mafundi wa simu mjini Goma, mteja akileta simu iliyopasuka, huuliza kwanza kama ni kioo cha nje tu au ni elisidi. Herufi mbili za mwanzo, eli na si, ni kimiminika na fuwele kwa Kiingereza.